Aliyesema Ulivua Glovu

Kaka Masanja,

Siku tunakuzika Nkololo, bosi wako Mabula alisimama mbele ya watu akasema, "Alikuwa kijana mzuri, ila mzembe. Alivua glovu mwenyewe." Mayu, mama yetu, akainamisha uso kama aliyezaa mjinga. Glovu gani, kaka? Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga mifuko ya plastiki mikononi kabla hujakoroga kostiki, dawa ile inayounguza nyama, kiwandani kwake. Pipa lilipokupindukia, haikusaidia kitu.

Tangu siku ile sijalia. Nilikuwa nampangia Mabula kisasi.

Nilianza na akina mama wa Lamadi waliokuwa wanamletea Mabula magamba ya uduvi na kaa ya kupikia unga. Nikawaeleza ulivyokufa. Sasa magamba yao yanashushwa uani kwetu Bariadi. Tunayakausha, tunayasaga, tunayaloweka kwenye asidi ili chokaa itoke, kisha tunapika kwenye kostiki kama ulivyonifundisha: "Usiharakishe, Nkamba. Pika mpaka unga ukubali kuyeyuka kwenye siki." Anayekoroga kwangu ana glovu za mpira hadi kwenye viwiko. Wakulima wanapaka kitosani yetu, ndiyo huo unga wa magamba, kwenye mbegu za pamba zisishikwe na kuvu, nayo inaozea udongoni bila kuacha takataka.

Mabula, bila wewe, akajipikia mwenyewe magamba yaliyombakia. Akabana kostiki, akabana kuni. Unga wake ukatuama kwenye siki kama mchanga, wateja wakamrudishia. Nilicheka, kaka. Mungu ananiona, nilicheka kwa sauti.

Juzi kaja nyumbani, kofia mkononi. Anataka nimwambie anakosea wapi. Nikamwita Mayu atoke, nikasema, "Kwanza mwambie mama yangu habari ya glovu."

Mabula alitazama mlangoni, akatazama chini. "Mama, glovu hazikuwepo. Masanja hakuwa mzembe."

Mayu aliingia ndani, nikamsikia anakulilia, kilio kile alichokionea aibu siku ya mazishi.

Mabula akanigeukia. "Haya, niambie sasa."

"Nenda nyumbani kwako," nikamwambia.

Najua wewe ungemwambia. Ulikuwa na moyo laini, ndiyo maana Mabula aliweza kukuweka pale pipani bila glovu. Mimi sina moyo huo, na usiniombee niupate. Lala salama, kaka yangu. Nakuahidi sitalegeza mpaka Mabula auze sufuria yake ya mwisho, na mnunuzi nitakuwa mimi.

Mdogo wako,
Nkamba