Tulimlilia Mjomba Bertin Akiwa Hai

Baraka, Fizi
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Espérance,

Pokea salamu zetu kutoka Baraka. Je, kifua kimekuachia? Henri na watoto wanaendeleaje huko Kigoma? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ijapokuwa mguu wa Mama bado unavimba.

Yaya, kuna sauti moja haitoki masikioni mwangu: kilio cha Mama kilichokatika katikati. Alikuwa amepata tangazo la msiba kwenye simu, lenye jina la mjomba Bertin, kutoka namba ya jirani tunayesali naye. Liliandikwa abonyeze aone picha na ratiba ya mazishi. Unajua kwetu, nani apate tangazo la kilio aache kulifungua? Ni sawa na kupita mbele ya matanga bila kuingia. Simu ikamwuliza kama anakubali hiki, kama anakubali kile. Mama akabonyeza ndiyo kila mara, machozi yakidondoka juu ya kioo.

Nikapiga simu Lulimba, nikitazamia Dorothée, mke wa mjomba. Akapokea marehemu mwenyewe.

"Nani amekufa? Mi niko nakula bugali! Ambia dada yangu aache kulia, ao alete kabisa samaki ya matanga!"

Kilio kikakatika. Tulicheka mpaka majirani wakaja kucheka nasi.

Kumbe lile tangazo lilikuwa programu ya wezi. Lilijificha ndani ya simu, likachungulia Mama alipoandika namba yake ya siri ya pesa za simu, na akiba yake ya biashara ya dagaa ikaondoka yote. Kisha likajituma lenyewe kwa kila mtu aliye katika simu yake, nawe ukiwemo. Ndiyo maana nilikuonya ulifute. Kanisani pia wakatangaza: msifungue tangazo lolote la kilio.

Sasa keti, Yaya. Mwezi haukuisha, Dorothée akatutumia sote tangazo la kilio. Mimi nilikuwa Fizi mjini, nikisahihisha mitihani. Mama aliona jina la kaka yake tu, akadhani ni wezi wale wale, akasema, "Bale bezi bamerudi. Leo habanipate." Akalifuta, akaifunga na namba iliyolituma, Dorothée asiweze tena kumpigia. Najua nawe ulifuta.

Safari hii mjomba alikuwa amekufa kweli. Homa ilimchukua upesi. Amezikwa Lulimba bila hata ndugu mmoja wa tumbo moja naye. Habari ilitufikia kwa mdomo wa Patrice, dereva wa gari la mihogo, aliyeshangaa kumkuta Mama anaanika dagaa.

Nilimpigia Dorothée. Alinisikiliza, halafu akasema, "Mulifuta ndugu yenu kama takataka ya simu. Sasa munalilia nani?"

Neno hilo, alilolisikia akiwa kando yangu, limempiga Mama pabaya, maana halii. Anakaa uani, macho makavu. "Nilishamulilia," ananiambia. "Machozi yake yote yaliisha siku ile, naye iko anakula bugali." Chakula anakisukuma pembeni. Dagaa wapo ziwani, biashara itaanza tena. Ninachoogopa ni kwamba Dorothée asipompokea, Mama ataingia kaburini akijihesabu kuwa mtu aliyemkana kaka yake.

Msalimie Henri, na mama mkwe wako, na Dany wetu mdogo. Mungu aliyewavusha ziwa awafunike huko ng'ambo. Dorothée usimtumie ujumbe wa simu. Mwandikie kwa mkono wako.

Mama anasema hawezi kwenda Lulimba, ataweka wapi uso wake. Sikubishana naye. Nimekwisha kumlipa Patrice nafasi mbili za mbele, nimefunga kitenge cheusi cha Mama pamoja na dawa za mguu. Dorothée pia amekwisha kupata neno langu, kwa mdomo wa Patrice: wifi yako anakuja Ijumaa.

Mdogo wako, anayekubeba moyoni,
Clarisse