Nukta Yangu kwenye Simu ya Mwenda

Jumatatu, 2 Juni

Kibugu na kurudi. Simu ilizima nikiwa bado na mlima mmoja, kwa hivyo kilomita za leo sizijui. Tena. Miguu inajua, mimi sijui.

Mwenda alikuwa getini na kikombe cha chai, amekifunika na sahani kisipoe. Wiki ya tisa tangu arusi na bado ananingoja getini! Nampenda hadi naona haya kuandika. Wenzangu walivalishwa pete ya uchumba. Mimi nilivalishwa helmeti, na nyuma yake baiskeli nyekundu ya gia kumi na nane imefungwa utepe. Aliichagua mwenyewe kwao Meru, akaileta hadi hapa Embu juu ya pikapu ya ndizi, ameishika njia nzima kama mtoto mchanga.

Tumekubaliana nahitaji kitu cha kupima safari zangu. Kitu gani, hapo bado.

Jumanne, 3 Juni

Njura, msichana tunayeendesha naye baiskeli tangu kabla sijaolewa, ana kifaa cha GPS. Kadogo kama kiberiti, kanafungwa kwenye usukani. Chaji siku mbili. Mvua hakajali. Hakana laini ya simu. Safari yako kanaiweka tumboni mpaka wewe mwenyewe ukachomeke kwenye kompyuta. Nilikapenda papo hapo. Anacho kingine cha zamani ambacho angeniachia.

Mwenda anataka programu ya simu. Ni ya bure, ina ramani, ina mwanamke ndani anayekusomea kilomita. Tena ina kiungo ambacho ukimtumia mtu anakuona unavyokwenda. Anaogopa malori ya mchanga. Aliniambia, "Marigu, niko kwa agrovet nauza dawa ya kupe, nikigeuka nakuona ukipanda mlima. Si ni kama tuko pamoja?"

Nani angekataa maneno kama hayo? Si mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Programu imeingia. Ameninunulia na betri ya kuchajia njiani. Njura amesema, "Haya, bibi arusi. Mimi changu hakina mdomo." Wivu tu.

Kwenye ramani mimi ni nukta ya buluu.

Jumamosi, 7 Juni

Manyatta na kurudi! Kilomita zote zimehesabiwa. Mwenda aliniangalia mwanzo hadi mwisho. Halafu kwa furaha akakitia kiungo kwenye grupu ya familia yao.

Mama mkwe anauza ndizi Gakoromone, soko la Meru. Sikujua anaweza kufungua kitu kama hicho. Nilipofika nyumbani nilikuta sauti yake, na kelele za soko nyuma: "Mwari! Nimekuona ukipita mto! Nimeonyesha wanawake wote hapa, nimewaambia huyo ni wa kwangu." Mwari ni binti. Ananiita binti. Nililia kidogo, nikaoga, nikajiona malkia.

Jumanne, 10 Juni

Nilishikwa na mkojo karibu na Kibugu. Nikaingia kwenye shamba la majani chai. Nilikawia kidogo kwa sababu kulikuwa na wachumaji, nikangoja wapite.

Nafika nyumbani, ujumbe kumi na saba.

"Mbona amesimama?"

"Pancha?"

Kendi, wifi yangu, mwenye saluni hapa mjini: "Dakika nane. Marigu, huyo rafiki wa shambani anaitwa nani?" Na nyuso za kucheka, safu nzima.

Mjomba wa Mwenda, ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu, akaandika kwamba wasichana wa siku hizi wanywe maji kidogo kabla ya safari. Kwa hivyo walijua. Wote walijua.

Mwenda alicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka. Nilipoingia bafuni niliacha kucheka.

Alhamisi, 12 Juni

Kuna kona juu ya Kibugu. Ukisimama pale siku isiyo na ukungu unaona nchi yote ya Mbeere ikishuka, kavu, ya kijivu, mpaka unajidanganya kwamba umeona mabati ya Ishiara. Kwetu. Huwa nasimama pale bila kufanya chochote. Nilikuwa nasimama.

Leo sikusimama. Ningeiambia grupu nini?

Jumapili, 15 Juni

Siku mbaya.

Sijamwona mama tangu arusi. Kwa akina Mwenda bibi arusi hakanyagi tena boma la mama yake mpaka mume na wazee wamrudishe rasmi, na asali, na shuka, na kondoo. Akienda mwenyewe kabla ya hapo, ina maana moja tu: amefukuzwa au ametoroka. Nilikubali. Waliahidi Agosti. Nilikuwa nimeizungushia Agosti kalamu nyekundu kwenye kalenda.

Leo mama mkwe amepiga simu. Itakuwa Desemba. Mjomba anayepaswa kuongoza wazee hana nafasi kabla ya Krismasi. Mwenda akasema, "Sawa, mama." Hapo hapo. Nilikuwa nimekaa kando yake nikichambua mchele. Hata hakunitazama.

Nilimpigia mama. Kwetu ni mimi na yeye tu. Alisema, "Desemba si mbali, Marigu." Aliharakisha kusema. Halafu akaniuliza kama nakula.

Nampenda Mwenda. Na nimekasirika. Sikujua vinaweza kukaa kwenye tumbo moja.

Jumatano, 18 Juni

Nimefikiria hivi. Mila inasema boma. Haikusema soko. Mama yuko sokoni Ishiara kila Jumamosi na ndengu zake. Kutoka hapa ni kama kilomita hamsini, nyingi za kuteremka. Kurudi ndiko kutanivunja.

Kungekuwa na kile kifaa cha Njura tu, ningeenda nikarudi na hakuna mtu angejua. Lakini mimi ni nukta. Nukta ikienda Ishiara, Gakoromone nzima itajua kabla sijashuka kwenye kiti.

Programu nikiizima wataanza kupiga simu. Simu nikiiacha nyumbani watasema nimeugua, Kendi atakuja na uji.

Njura amekubali. Jumamosi atapanda Manyatta na simu yangu mfukoni. Nukta itaenda ilikozoea. Atairudisha, ataiacha chini ya ndoo mlangoni.

Ijumaa, 20 Juni

Mwenda amenipakia mafuta mnyororo wa baiskeli. Amejaza na magurudumu upepo. Anapiga mluzi.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike yote, niwe nimeyatoa.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpa Njura simu kwenye kituo cha petroli na nikashuka kupitia Siakago. Bila simu. Hakuna mwanamke wa kunisomea kilomita. Baridi ya Embu ikaniacha nusu ya njia, jua la kwetu likanipokea. Nilisimama mara tatu bila sababu, kwa sababu niliweza. Nilinunua ndizi moja nikakaa chini kuila. Niliimba. Sijawahi kuwa na furaha ya aina hiyo na naandika hivyo ingawa nina furaha nyingi nyumbani.

Saa tatu nilikuwa sokoni. Mama aliniona kabla sijamwona. Hakufurahi. Hilo ndilo sikuwa nimelitarajia. Alishika mdomo kwa mkono wenye vumbi la ndengu, akanivuta nyuma ya magunia.

"Amekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Amekupiga? Sema ukweli. Umekuja na baiskeli, huna hata mfuko."

"Nimekuja kukuona tu."

"Bwanako anajua?"

Nikasema anajua. Nimemdanganya mama yangu nikimtazama machoni. Alinishika mashavu, akasema nimenenepa, akalia. Mwanamke wa meza ya pili akauliza kwa sauti, "Huyo si yule wenu wa Meru? Amerudi lini?" Mama akamjibu, "Amepita tu! Ni mbio za baiskeli, wengine wako nyuma!" Tulicheka tukaegemeana. Tulikaa saa moja na nusu. Alinifungia ndengu kwenye mfuko, nikaubeba mgongoni. Magoti yake yamevimba. Hakuniambia kwenye simu.

Kupanda kuliniua. Kutoka Siakago nilibebwa na lori la mchanga, lile lile Mwenda analoliogopa.

Nilifika saa tisa alasiri. Mwenda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevaa koti jeupe la agrovet. Ndani, mezani, kulikuwa na keki.

Nimeelezwa na Njura. Njura ni mwepesi kuliko mimi. Alijua hilo, nami nilijua, na hakuna aliyelifikiria. Alipanda Manyatta kama kawaida yake, na programu ikatangaza kwenye grupu kwamba Marigu amevunja rekodi yake kwa dakika kumi na moja. Mama mkwe akapiga vigelegele katikati ya soko. Mwenda akafunga duka, Jumamosi, siku ya wateja! Akakimbia kununua keki, akaandikisha "Malkia wa Mlima", akasimama getini na Kendi, na Kendi ameshika simu, na kwenye simu Gakoromone nzima ikitazama. Nukta ikaja. Ikakaribia. Ikaingia kwenye ploti.

Ilikuwa Njura.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza, kutoka ndani ya simu: "Huyo si wetu."

Njura akasema eti mimi nimebaki kwenye choo cha petroli. Mwenda akamwuliza mbona nukta iko mfukoni mwake.

Mwenda hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliutazama mfuko wa ndengu. Akaniuliza, "Ungeniambia, ningekukataza?"

Nikasema ndiyo.

"Ni kweli," akasema. "Ningekukataza."

Akaingia ndani. Keki hatujaikata.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani tumekaa benchi moja. Hatujaongea. Grupu imenyamaza, na nikikumbuka nilivyouchukia ule mlio wa ujumbe, leo naungoja.

Jumatatu, 23 Juni

Siendeshi. Baiskeli iko nyuma ya mlango wa chumba na kila nikitoka inaniguguna nguo. Nilimpigia mama nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi mimi pia nimeshirikiana nawe bila kuulizwa." Aliudhika. Ana haki.

Kendi amepita na uji. Sijaugua. Akauacha mezani, akasema, "Wewe ni mjinga, wifi. Ungemchagua mtu mwenye mbio zako." Akacheka. Yeye tu ndiye amecheka.

Jumatano, 25 Juni

Mwenda alikwenda Meru jana asubuhi akarudi leo. Sijui yote waliyosemezana na mama yake. Ninachojua ni alichoniambia akivua viatu: amemwambia kwamba kama mjomba hana nafasi Agosti, ataenda na mzee mwingine. Mama mkwe amemjibu kwamba tangu aoe amekuwa na kichwa cha punda. Tena mama mkwe ametuma mkungu mmoja wa ndizi kwa mama yangu, kwa ajili ya magoti. Nilikuwa nimemwambia Mwenda juu ya magoti kupitia mlango wa bafuni. Sikujua amesikia.

Agosti. Nitaamini nikiiona.

Halafu akatoa kitu kwenye pakiti ya mbegu za sukuma. Kile kifaa cha zamani cha Njura. Amekipangusa, amekifungia mpira mpya wa usukani. Kiungo ameshakiondoa kwenye grupu. Kwenye simu yake pia. Alinionyesha, hakuna nukta, ramani tupu tu ya Embu.

"Hiki hakisemi na mtu," akasema. Halafu, kama asiyeweza kujizuia: "Lakini jioni utanionyesha ramani?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kukimbia. Nilimkumbatia. Tukakata keki. Imekuwa ngumu, tumeichovya kwenye chai, malkia wote ameliwa.

Jumamosi, 28 Juni

Ukungu asubuhi, baadaye ukafunguka.

Nilimwambia Mwenda nitarudi saa nne. Nimerudi saa nne. Kifaa kilikuwa kwenye usukani njia nzima. Sikukiwasha.

Alikuwa getini na chai, imefunikwa. Alikichukua kifaa akakibonyeza, akaona sifuri. Nilimwona akiona. Alikiweka mezani taratibu, upande wake wa kioo chini.

"Ilikuwa vizuri?"

"Vizuri sana."

Hakuuliza lingine. Akaenda kuchambua ndengu za mama, amekaa kwenye kigoda, anatoa mawe moja moja.

Nilikoenda sitaandika. Hata hapa.