Diwani Ana Tumbo

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya kukata masikio. Goti la kushoto limegoma. Chai, kiazi, chai tena. Nimekwenda kumwagilia chainizi nikakuta mwizi. Sungura. Mweupe, sikio moja la kijivu, ameketi katikati ya tuta kama mwenye hati. Hakukimbia. Nimemtukana kwa Kinyiha, kisha kwa Kiswahili. Anatafuna tu. Nimembeba ndani. Mzito.

Jumanne, 10 Juni
Nimeuliza mtaa mzima. Hana mwenyewe. Mama Rehema wa nyumba ya pili, mumewe ni dereva, anasema labda kadondoka kwenye foleni ya malori ya mpakani. Akauliza nitamchinja lini. Nikamwambia nikishamaliza kukuchinja wewe. Kacheka mpaka ushungi ukamvuka.
Nimempa jina. Diwani. Anakula vya watu na hasemi kitu.

Alhamisi, 12 Juni
Diwani anakaa stoo. Nimemwekea boksi na nyasi. Tangu mke wangu afe stoo ilikuwa ya panya, na mimi nyumba nzima ilikuwa ya kwangu, bure. Leo nimejikuta nimezungumza kutwa. Ananisikiliza kuliko wazee wa kanisa. Sisemi nampenda. Nasema nimemzoea.

Jumamosi, 14 Juni
Bana Mutale kapita na kapenta zake, wale dagaa wa ng'ambo. Mama wa Nakonde huyu, upande wa Zambia, huniita bashikulu, babu, kwa sauti ya heshima, ndiyo maana sinunui kwa mwingine. Kampapasa Diwani, kasema, "Bashikulu, ali ne fumo uyu."
Nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Shule niliishia darasa la nne, lakini Kibemba nilijifunza mgongoni, miaka ishirini ya kupakua magunia ya Wazambia. Fumo ni tumbo. Ana tumbo. Ndiyo maana limejaa vile. Ni zile chainizi za wizi.
Marehemu mama alitutibu tumbo kwa vitu viwili, njaa na shubiri. Nimeanza leo.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Mungu anajua nina mgonjwa. Shubiri vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Kaning'ata kidole. Chakula hakuna. Ananiangalia tu. Nimetoka nje nisimwone.

Jumatatu, 16 Juni
Ugonjwa umempanda kichwani. Anajinyonyoa manyoya ya kifuani, anayarundika kwenye kona pamoja na nyasi. Uchafu mtupu. Nimefagia yote nikayatia kwenye moto wa takataka. Saruji imebaki inang'aa. Kaanza tena kunyonyoa. Nimefagia tena. Mkaidi. Wakaidi wawili tumekutana.

Jumanne, 17 Juni
Diwani kazaa.
Sita. Wekundu, vipofu, hawana hata unywele, wametawanyika juu ya saruji. Wawili walikuwa wameshapoa. Nimesimama na ufagio mkononi, sijui nifagie nini.
Mama Rehema kaja kwa kelele zangu. "Mzee wangu, ungekuwa mkunga, Tunduma ingebaki na malori tu." Halafu akawaona wale wawili, akaanza kufungua kanga. Wanne tumewafunga kwenye kanga yake, chupa ya maji ya moto pembeni. Nimepasua mto wangu, nimetoa sufi yote, nimewatandikia.

Jumatano, 18 Juni
Shingo inauma. Nimelala bila mto.
Nimemfuata Bana Mutale mpaka anapouzia. Nimemweleza yote, shubiri, njaa, ufagio. Alianza kucheka, akaacha. Fumo ni tumbo, ndiyo. Na kuwa na fumo ni kuwa na mimba. Siku ile alikuwa ananipa hongera. Na hata Kiswahili, mtu akisema binti fulani ana tumbo, nani anakwenda kuchemsha shubiri? Mimi.
Yale manyoya kumbe kitanda cha wanawe. Yeye anatandika, mimi nafagia.
Anasema mama asiyekula maziwa hayaji. Nimlishe sana, huenda yatakuja, labda. Hiyo labda aliisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisiikosee.
Najichukia.

Ijumaa, 20 Juni
Watatu.
Nimekata nyasi, majani ya viazi, nimeomba karoti kwa Mama Rehema. Diwani hali nikiwepo. Nikitoka, anaonja kidogo. Alfajiri anawapandia watoto, dakika chache, basi, mpaka kesho yake. Nimechungulia mlangoni. Wananyonya, wanaachia, wanatafuta tena. Hakuna kitu. Ngozi zimekunjamana kama maharage yaliyolowekwa. Nani kasema mzee anaona mengi? Nimeona haya.

Jumapili, 22 Juni
Wawili. Nilijaribu maziwa ya ng'ombe kwa ncha ya kitambaa. Yule wa tatu yakamtokea puani. Sikujaribu kwa wengine.
Kanisani nimeomba. Sina mazoea. Katikati nikasahau nilikuwa naomba nini, nikakumbuka wakati wa sadaka.

Jumanne, 24 Juni
Mmoja. Kaanza kuota vinyoya. Anajikunja kiganjani, anatosha hapo na nafasi inabaki. Sikumpa jina. Mimi na maneno tuachane kwanza.
Nimezibadilisha chupa za moto mchana kutwa. Diwani sasa anakula vizuri kidogo. Nasubiri maziwa yake, na najua yanachelewa. Tunashindana na tumbo la mtu mdogo kuliko kidole gumba.
Mama Rehema akimaliza kuswali anapita kuuliza. Leo hakutania. Nikamwomba anitukane japo kidogo, nipate nguvu. Kasema, "Kesho, Mzee wangu."

Jumatano, 25 Juni
Bado yupo. Hasogei sana. Nimemweka kifuani, ndani ya sweta. Nilikaa vile kwenye kiti mpaka goti likafa ganzi. Bana Mutale kapita, hakuingia. Aliniona kupitia mlangoni, akashusha beseni lake kichwani, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama wanavyofanya kwenye msiba kwao. Nikataka kumfokea kwamba bado.

Alhamisi, 26 Juni
Amekufa asubuhi. Macho hayakuwahi kufunguka. Nimemzika na wenzake nyuma ya choo, ndiko udongo ulipo laini. Kama ni dharau, ni yangu, waiongeze kwenye zile nyingine.

Ijumaa, 27 Juni
Upepo. Vumbi jekundu mpaka ndani ya kikombe.
Diwani kala rundo lote la majani, mbele yangu. Kakubali nimpakate. Nimepitisha mkono kifuani pale alipojinyonyoa, kutafuta kidonda. Vidole vikalowa. Nikadhani mkojo. Nikanusa.
Maziwa. Chuchu zote zimejaa, moto, yanadondoka kwenye suruali yangu.
Sikumtua. Tumekaa hivyo.