Adhabu ya Kupelekwa Ronge

Ronge, Jumanne, 16 Agosti 1983

Mkono umevimba. Mghoi, muuguzi wa zahanati yetu, ametafuta mshipa kwa sindano mara nne. Nikamfokea.

Akacheka. "Mwalimu, si wewe uliyenileta huku? Wale hodari wako uliwapeleka Mombasa. Niwaite?"

Niseme ukweli kabla moyo huu haujasimama. Miaka yote niliyofundisha wauguzi, waliofaulu niliwapendekezea hospitali kubwa. Wazembe niliwatisha: "Nitakutupa zahanati ya milimani!" Mghoi alikuwa wa mwisho darasani, nikamtupa kweli. Huku, kwa mama yangu mzazi.

Watu wa kwetu niliwafanya adhabu.

Hodari wangu hata mmoja hajapanda mlima huu. Kesho Mghoi atarudi. Nitampa mkono wa pili, nimwonyeshe mshipa ulipo. Darasani sikujisumbua kumwonyesha.