Dirisha Lisiloshuka

Papa wangu mpendwa,

Mama anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie kwa Kiswahili cha shule, kwa sababu hata ukiwa kitandani na homa ulikuwa unasahihisha watu. Ninakuandikia kwa jambo lililotokea kazini kwangu wiki hii. Ungekuwa hai ungeiacha lituma yako ya ndizi kwenye sahani na kuniomba nianze tangu mwanzo. Basi ninaanza tangu mwanzo.

Unaukumbuka mlango wa nyumba yetu pale Mangobo? Ni ubao mwepesi, mtoto anausukuma kwa kidole. Lakini wewe kutwa nzima ulikuwa unahangaika na mlango wa gari la chuma, mlango unaotaka bega, na ukirudi jioni ulisukuma wa nyumbani kwa nguvu ileile, ukagonga ukuta mpaka vumbi likadondoka kwenye chungu cha mboga ya pondu. Mama alikukaripia kutoka jikoni: "Papa Zaina, hii haiko mulango ya blinde." Ulimwomba radhi, na kesho yake ulifanya vilevile. Shimo la kitasa bado liko ukutani. Tulipopaka rangi nilimwambia fundi aliruke.

Blinde ndivyo mtaa mzima ulivyoliita gari lile la shirika la wageni, gari lisilopenya risasi. Nadhani mama aliikubali kazi ile kabla yako. Vita vilikuwa vimetuzoesha kulala sakafuni, na matofali yetu ya udongo hayakuweza kuzuia kitu, kwa hiyo alifurahi kwamba angalau mtu mmoja wa nyumba hii atashinda ndani ya chuma. Wewe hukufurahi sana. Ulikuwa mtu wa salamu, papa. Kutoka nyumbani hadi sokoni ulichelewa kwa kushikana mikono na watu, na mama akikutuma chumvi alijua mboga itaiva bila chumvi.

Jumapili moja ulinichukua nikusaidie kuliosha. Ulinikalisha kwenye kiti chako, ukafunga mlango, ukabaki nje na ndoo. Niliona mdomo wako unacheza lakini sikusikia hata neno moja. Nilitafuta kile kitufe cha kushusha kioo, maana magari yote ya kitajiri yana kitufe, nikapapasa kila mahali, wapi! Nikakigonga kioo kwa viganja. Ulipofungua ulinionyesha ukingo wa kioo, mnene kama mkate, ukaniambia kioo kama kile kimefungwa palepale na hakishuki kamwe.

"Humu risasi haiingie, Mama," ulisema. Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako. "Na salamu ya watu pia haiingie."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa dereva.

Halafu ikaja siku ya mvua. Sikuwepo, lakini ulitusimulia mara nyingi hata naona kama nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Ulikuwa unampeleka mkubwa wako wa kazi uwanja wa ndege, na amri ya kazi ilikuwa moja: kwenye barabara ile husimami na hufungui mlango. Pembeni ya njia ukamwona kaka yako mkubwa Amisi, uliyemwita Yaya, mwalimu mzima, ameloa chapachapa, mnyororo wa baiskeli umekatika na gunia la mihogo limeanguka kwenye matope. Alikuwa na majirani zake wawili. Alilitambua gari, akainua mkono, akakuita.

Ulipunguza mwendo. Ukainua mkono, ukamwitikia kwa sauti yako yote, ndani ya kioo cheusi chenye mvua. Ukaona hakuoni, ukapiga honi. Honi ile ndiyo iliyoharibu kila kitu, papa. Yeye alielewa kwamba unamfukuza njiani.

Jioni ulikwenda kwake hata kabla ya kula. Ulirudi umenyongea, na mlango wa nyumba siku hiyo uliusukuma taratibu. Alikuwa amekujibu mbele ya wale majirani: "Gari ya wazungu gani inakosa kufungua dirisha? Sema tu kama miye niko mutu wa matope." Na watu wakamwona ana haki, kwa sababu kila mtu mjini anajua kwamba gari likiwa la bei, kioo kinashuka kwa kidole. Uliomba ruhusa umpeleke akalione gari, kazini wakakataa. Ulimtuma imamu, ukamtuma mama na kuku. Kuku alipokelewa, maneno yakarudishwa.

Nilikasirika sana na yeye. Tena niseme ukweli, nilikasirika na wewe pia. Niliona unajidhalilisha bure kwa ajili ya mkono mmoja ambao haukuonekana. Kila Idi ulisimama mlangoni kwake, naye alikupokea kama mgeni wa serikali: kiti, chai, na kimya. Ulipoondoka duniani, kwa figo na wala si kwa risasi ambazo mama aliziogopa, alikuja kwenye matanga akakaa mwisho wa mkeka. Alitupia udongo wake kaburini. Jina lako hakulitaja siku ile, na hakulitaja tena.

Sasa nikueleze kuhusu kazi yangu. Niko benki, mjini kati, ninakaa kwenye dirisha la kulipia. Tangu habari za vita vya mashariki ya nchi ziwe mbaya tena, wakubwa wetu wameogopa, wakaagiza vioo vipya kutoka Kinshasa. Wanaume wazima walivibeba kimoja kimoja wakitembea taratibu kama wamebeba jeneza. Nilipoona ukingo wake ilibidi niende chooni kufuta machozi. Ni mkate uleule, papa. Ninasikia watu kwa kipaza sauti kidogo, nao wananisikia hivyohivyo, na karatasi zinapita kwenye droo ya chini.

Mwalimu Amisi anachukua hapo malipo yake ya uzeeni. Siku zote alipanga mstari wa mwenzangu. Wiki hii mwenzangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo hakuwa na pa kukwepea. Alifika mbele yangu na fimbo yake, akavua kofia, na papo hapo umeme ukakatika. Unaujua umeme wa mji huu. Kwa upande wangu giza likaingia, yeye akabaki kwenye mwanga wa mlangoni, na kipaza sauti kikafa.

Niliona midomo yake inasema "Asalam aleikum". Niliitikia. Alingoja. Nikaitikia tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mlinzi aliyekuwa nyuma yangu akageuka kuniangalia. Uso wa mzee ukaanza kukunjamana, na nikaona hasira ileile inapanda, ya kupitwa njiani na mtoto wa mdogo wake mbele ya watu. Nikainua mkono. Sijui kwa nini nilitafuta kitufe mezani, kama siku ile ya ndoo.

Alikuwa ameshageuka aondoke. Kisha akarudi. Aliegemea kioo, akaweka viganja pembeni ya macho ili auzuie mwanga wa nje, akachungulia. Akaniona. Aliuona mdomo wangu unasema na mkono wangu uko juu, na sauti haimfikii. Alibaki hivyo, paji la uso limegusa kioo, na watu wa mstari wakaanza kunung'unika nyuma yake. Nilimwona anaongea peke yake.

Jenereta ikanguruma, kipaza sauti kikaamka, na maneno yake yakaniingilia katikati.

"...donc, kumbe alikuwa ananijibu," alikuwa anasema. "Miye nilisimama pale kwenye mvua, na yeye alikuwa ananijibu."

Nikamwambia ndiyo, papa. Nikamwambia ulimjibu mpaka sauti yako ikakauka.

"Alikuwa anasema nini?"

Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu ulituimbia kila mvua iliponyesha. Nikamwambia maneno yako kama yalivyo: "Yaya, unisamehe, sina namna ya kufungua. Unigoje hapo, ninarudi." Nikamwambia pia kwamba ulirudi kweli, kwa miguu, baada ya kuliegesha gari, ukakuta matope na alama ya gunia.

Mzee alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Ningemungoja," alisema.

Hakuchukua hata malipo. Nililia palepale mbele ya mstari mzima, na safari hii sikwenda chooni.

Ijumaa baada ya sala alikuja nyumbani, akatuomba mimi na mama tumpeleke kwako kaburini. Alisimama karibu na kichwa chako, akakusalimu kwa jina lako, kwa sauti kubwa mno, mama akashtuka. Alisubiri kwa muda ambao mtu huhitaji kujibu, akainua mkono, akaitikia kwa kichwa, na tukarudi.

Ninakuacha hapa, papa. Dirisha la chumba nimeliacha wazi kama ulivyokuwa unapenda, na mbu wanaimaliza miguu yangu. Lala kwa amani. Umesikika.

Binti yako,
uliyemwita Mama