Mume wa Mpinzani Kanunua Pai Yetu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie maana nisipomwambia mtu nitapasuka. Mimi ni mweka hazina wa kampeni ya shoga yangu Marlys anayegombea kiti cha bodi ya shule hapa mjini, na kampeni yenyewe ni vibango vya kuchomeka kwenye nyasi za watu tu, hatuna makuu, lakini kanuni zinatubana kama wakubwa, anayechangia zaidi ya dola hamsini jina lake linaandikwa kwenye taarifa na taarifa inabandikwa hadharani, basi Jumamosi tukafanya mnada wa pai kwenye ukumbi wa zimamoto, ule wa kimya kimya, unaandika bei yako kwenye karatasi kando ya pai na namba badala ya jina, na pai ya boga ya mama yake Marlys ikafika dola tisini, nikashangilia kweli kweli, mpaka watu walipokwisha kuondoka na mwenye namba akaja kuichukua. Ni Duane! Mume wa Bernadine, Bernadine huyo huyo anayeshindana na Marlys na anayetaka bendi ya shule ifutwe!

Nikamwambia, "Duane, una wazimu? Mkeo anajua uko hapa?"

"Anajua nimefuata mafuta ya trekta. Na usikuze mambo, mimi sijachangia mtu, nimenunua pai."

"Kununua pai kwenye mnada wa kampeni ni kuchangia, bwana wee!"

"Basi andika jina lako, mama. Nani atajua?"

Akaificha pai ndani ya koti akaenda zake akipiga mluzi ule wimbo wa bendi, maana ujanani alikuwa mpiga tarumbeta. Ijumaa napeleka taarifa. Nikimwandika, nimevunja nyumba ya watu. Nikijiandika mimi, roho inanisuta, na Marlys sijamwambia. Nifanyeje? Majina nimebadilisha yote, nakuomba unifichie siri.

Mimi, Nisiyepata Usingizi

*

Pole, Nisiyepata Usingizi, ila kwanza nikugombeze. Wewe ni mweka hazina, si mlinzi wa ndoa za watu. Siku uliyokubali kazi ulijua kuna kuandika majina, au ulidhani ni kukata pai tu?

Usithubutu kujiandika. Huo ni uongo, na atakayeumbuka ni Marlys, aliyekuamini. Atapigwa faini, na huyo Bernadine ataingia kwenye bodi akicheka, bendi iishie hapo. Kwa ajili ya nini? Eti mtu mzima anamwogopa mkewe!

Kumrudishia pesa usihangaike, nina hakika hiyo pai imekwisha. Wala Duane hajavunja kanuni yoyote. Hakuna palipoandikwa kwamba mume lazima achangie upande wa mkewe. Mwandike jina lake kamili, kama kanuni inavyotaka. Marlys mwambie leo, tena mwambie asilipeleke jambo hili kwenye hotuba, ashinde kwa bendi.

Nawe Duane, ndugu yangu, tuache utani. Mtu haendi kwenye mnada wa mpinzani wa mkewe kwa sababu ya boga. Unaipenda ile bendi. Miaka yote umekaa mezani na huyo anayetaka kuifuta, ukatafuna chakula chako kimya. Mwambie! Atanuna, atafunga milango kwa kishindo, kisha atakusikiliza, maana hajawahi kukusikia.

Ila fanya haraka. Nimetunza siri, majina nimeyaacha yale ya kubuni. Lakini mji wetu una ukumbi mmoja wa zimamoto, na gazeti hili linasomwa kila nyumba asubuhi, na saa hii kuna mwanamke ameweka kikombe chake mezani, anajiuliza mbona Jumamosi mumewe alirudi bila mafuta ya trekta.