Mama Yake Wabwire Alikuwa Wapi?

Migosi, Kisumu
8 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Seline,

Nyamera, dada yangu wa damu, habari za Usenge? Wewe na mama mkwe wako mko salama? Kifua chake kimepoa, au baridi ya asubuhi bado inamsumbua? Sisi huku tu wazima, tena mimi nimenenepa. Byron anasema ndoa imenikubali! Akirudi kutoka kutengeneza friji za watu, mikono yake ni barafu, ananishika nayo mashavuni makusudi nipige kelele, halafu tunacheka mpaka Ayesha wa mlango wa pili anagonga ukuta.

Najua hutaki nikupigie simu. Ulisema unaiacha laini wazi, mumeo Ooko akipiga asikute unaongea na mtu mwingine. Kwa hivyo nimenunua karatasi, na Nabwire anayekuja huko kununua omena, wale dagaa wenu, amekubali kuwa posta wetu.

Sasa nisikilize. Nimesoma kitabu! Sijasoma kitu kama hiki tangu tumalize shule. Kinaitwa Mpaka Treni Irudi, na ni cha wakati wa ile vita kuu ya pili. Kuna msichana wa milima ya Maragoli anayeitwa Kageha. Anampenda Wabwire, kijana wa Busia mwenye sauti ya kuimba. Wanaoana Jumamosi, na Jumatatu Wabwire anachukuliwa kuwa askari na kupelekwa Burma. Miaka inapita bila neno. Serikali inaleta taarifa kwamba amekufa. Watu wanamwambia Kageha anyoe nywele kama mjane, naye anakataa! Kila treni ikiingia Kisumu, yuko pale stesheni na gauni lake la manjano, anatazama mlango mmoja mmoja. Halafu siku moja mlango wa behewa la mwisho unafunguka, na ni yeye, mkono mmoja hana, lakini ni yeye. Dada, nililia mpaka ugali ukaungua. Byron akaula hivyo hivyo akasema ni mtamu.

Sasa tunakisoma tena kwa sauti nyumbani kwa Ayesha kila Jumamosi, wanawake wa ploti hii tunayopanga. Debra, yule fundi wa nguo, amesema, "Huyo Wabwire hata angerudi bila mikono yote miwili, mimi ningemchukua." Ayesha akamwambia, "Wako anayo yote miwili na kila siku unamwita mzigo." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Nikakuwaza wewe. Wewe ndiye Kageha! Ooko alikwenda kwenye ile nchi ya baridi kulinda ghala, wakamvalisha magwanda wakampeleka vitani bila hata kumuuliza. Hatujamsikia tangu mwaka jana, kabla ya mvua ndefu. Lakini Kageha naye aliambiwa mumewe amekufa, na haikuwa kweli. Nakutumia kitabu changu mwenyewe, wenzangu wamekubali kungoja. Kisome, upate nguvu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Lornah


Usenge
20 Februari 2025

Kwako mdogo wangu Lornah,

Nimepata salamu zako, kitabu na sabuni. Afya yangu ni nzuri. Kifua cha Mama bado kinabana, lakini anakula. Msalimie shemeji Byron.

Nakisoma mchana, omena zikiwa zimeanikwa, huku nikiwafukuza ndege. Ni kizuri. Pale anaposema kwamba mtu anayengoja hata akilala masikio yake hubaki macho, niliweka kitabu chini nikapumzika kidogo. Lakini gauni la Kageha ni safi kila wakati. Ningependa kujua alikuwa anakula nini miaka yote hiyo, na sabuni alitoa wapi.

Kuna jambo. Jumapili baada ya kanisa Mama aliwaita watu wa boma. Anataka yago. Unakumbuka mjomba wetu aliyezama na mwili ukakosekana? Walikwenda wakakata lile tunda refu la mti wa yago, wakalizika kwa jina lake kama mtu. Mama anataka Ooko azikwe hivyo.

Wakifanya hivyo, mimi nitakuwa mjane. Na kama yuko hai akarudi, hataweza tu kupita langoni kama mtu aliyekuwa safarini, maana hapa watakuwa wamekwisha kumzika. Baba mdogo wa Ooko amesema hawatafanya bila mimi kukubali, kwa kuwa mimi ndiye mke. Wamenipa muda. Sijasema ndiyo, sijasema hapana.

Dada yako,
Seline


Migosi
1 Machi 2025

Dada yangu mpenzi,

Natumaini u mzima, na Mama pia. Sisi hatujambo, ila tangu nisome barua yako sijatulia hata kidogo.

Usikubali! Tafadhali, nyamera, usikubali! Umefika pale ambapo chifu anamshikia Kageha wembe? Ni hivyo hivyo! Nisamehe kusema haya juu ya mama mkwe wako, lakini ni mama gani anayeharakisha kumzika mtoto wake? Mapenzi ya kweli hayazikwi na tunda. Mimi nina ndoa changa, lakini hilo nalijua, nalijua hapa kifuani kila Byron anapofungua mlango.

Niliwasomea wenzangu barua yako, usinikasirikie. Ayesha alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Debra aliiacha chai yake ipoe, jambo ambalo halijawahi kutokea ploti hii. Kisha akasimama akanipima mabega na kiuno kwa futi yake, kwa sababu wewe na mimi tuna mwili mmoja. Kifurushi atakachokuletea Nabwire ni gauni. La manjano! Ni la siku Ooko atakaporudi. Kitambaa tumechanga sote.

Sasa kila tukikutana wanauliza, "Seline amesemaje? Amewakatalia?" Byron alitusikia, akaniambia, "Lornah, huyo ni dada yako, si sura ya kumi na mbili." Nikamwambia wanaume hawaelewi mapenzi. Alicheka akanibusu kwenye paji la uso akaenda kazini, nami nikabaki nimeegemea mlango kama mjinga.

Simama imara. Tuko nyuma yako.

Mdogo wako,
Lornah


Usenge
16 Machi 2025

Kwako Lornah,

Mimi sijambo. Mama anakohoa. Natumaini ninyi nyote mko salama.

Gauni limenitosha. Nilifunga mlango nikalivaa, nikasimama katikati ya chumba, nikalivua. Mwambie Debra mishono yake ni mizuri na kwamba nashukuru. Lakini barua zangu usiwasomee tena.

Nimewaambia hapana. Nilisimama mbele yao na sauti haikutetemeka. Kwa kweli nilimfikiria Kageha. Baba mdogo alikunja kiti chake akaondoka. Mama aliinuka akaenda kuwasha moto. Tangu siku ile anapika, ananiwekea chakula, tunakula, tunaosha vyombo, na hakuna neno. Tuko wawili tu katika boma lote, na unaweza kusikia kijiko cha mwenzako. Mvua ikianza anaacha chochote anachofanya, anatoka nje kusimama uwanjani mpaka nguo zinalowa. Nikimwita arudi ndani anasema anakuja.

Jana aliniuliza kile kitabu kinasema nini, kwa vile hakinitoki mkononi. Nimeanza kumsomea tangu mwanzo, nikigeuza kwa Dholuo, lugha yetu, huku nikiendelea. Anachambua omena akisikiliza. Ndiyo maneno pekee yanayosikika humu ndani.

Dada yako,
Seline


Migosi
24 Machi 2025

Dada yangu shujaa,

Salamu nyingi, na pole kwa kikohozi cha Mama. Mpe tangawizi na asali niliyompa Nabwire. Sisi tu wazima.

Uliwakatalia! Nilitaka kuwaambia wote, lakini nimekutii, sikusoma barua. Nilisema tu, "Amekataa," na Debra akapiga kigelegele mpaka mwenye ploti akachungulia.

Na Mama anasikiliza kitabu! Ngoja mfike stesheni. Mlango ule ukifunguka moyo wake utafunguka nao, utaona. Mtu hawezi kusikia mwisho ule kisha akazungumza habari za yago. Niandikie kila alichosema, neno kwa neno.

Mdogo wako,
Lornah


Migosi
14 Aprili 2025

Dada,

Hamjambo? Nabwire amerudi tena bila barua. Anasema alikuona kwa mbali ukigeuza omena, ukampungia mkono. Mmefika wapi kwenye kitabu? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Lornah


Usenge
21 Aprili 2025

Kwako mdogo wangu Lornah,

Natumaini mlikuwa na Pasaka njema. Sisi tulikwenda kanisani, Mama akitembea polepole. Asali ilimsaidia.

Tulimaliza kitabu Ijumaa Kuu. Wabwire alishuka, wakakumbatiana, nikakifunga. Mimi nilikuwa nalia. Mama hakulia. Aliuliza, "Na mama yake?"

Nikamwuliza, mama wa nani?

"Mama yake Wabwire. Alikuwa wapi?"

Nikarudi nyuma kutafuta. Nilifunua kurasa mpaka jua likaanza kushuka. Lornah, hayumo. Kuna Burma, kuna meli, kuna chifu, hata farasi wa yule Mzungu ana jina. Mwanamke aliyemzaa yule kijana hayumo popote. Nikasema labda mwandishi alimsahau. Mama akasema, "Hakumsahau. Hakumwona. Wewe pia hunioni."

Kisha akazungumza kwa kirefu, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Aliniambia, "Nyathina, mwanangu, wewe unamngoja mume. Mume akiwa mbali bado ni mume. Mimi huyu nilimbeba. Mvua ikinyesha namwona amelala nje kwenye baridi ya watu, hakuna aliyemfunika hata kwa jani. Ndiyo maana natoka. Nitakaaje ndani na yeye ananyeshewa? Simwui mwanangu. Nataka aingie nyumbani."

Mwaka mzima nimekuwa nikidhani kungoja ni kwangu peke yangu. Alikuwa ameketi hapo hapo, upande wa pili wa sufuria.

Nimekubali. Ni Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Njoo ukiweza.

Dada yako,
Seline


Migosi
26 Aprili 2025

Seline,

Natumaini wewe na Mama mko salama.

Sitakuja. Nimejaribu kuandika barua nzuri nikashindwa. Mama ana huzuni, sawa, lakini wewe ndiye mke! Kama Ooko yuko hospitali fulani huko, au kifungoni, anajipa moyo kwa kukumbuka kwamba wewe unamngoja, je? Kageha asingekubali hata kwa machozi ya mama kumi. Byron akipotea mimi nitamngoja mpaka meno yaning'oke. Unamfungia mumeo nje ya lango lake mwenyewe.

Sijui nitawaambia nini hawa wa Jumamosi.

Lornah


Migosi
15 Juni 2025

Dada yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza na najua huenda nisijibiwe.

Wiki iliyopita Byron alikwenda Pap Onditi kutengeneza friji ya duka moja. Mvua ikakata barabara, simu yake ikaisha moto, hakurudi mpaka kesho yake mchana. Hakuna kilichotokea. Alikuja na matope na ndizi, akicheka. Lakini kabla hajaja nilijikuta nimekaa sakafuni nimeshika kiatu chake kimoja, na kila pikipiki iliyopita nje niliifungulia mlango. Nilikumbuka wale niliowasomea barua yako, jinsi tulivyokuwa tukinywa chai katikati ya sura. Nikataka kukimbia mpaka kwako kwa miguu.

Ilikuwa siku moja tu, Seline.

Nisamehe kwa ile barua, na kwa kutokuja. Niambie ilivyokuwa. Sitamsomea mtu.

Mdogo wako,
Lornah


Usenge
6 Julai 2025

Mdogo wangu Lornah,

Nafurahi shemeji alirudi salama. Mimi ni mzima. Mama kifua kimemwachia kabisa. Hakuna cha kusamehe. Ungekuja ungelia kuliko wote, nami ningelazimika kukubembeleza.

Vijana walileta yago asubuhi. Lilikuwa refu, zito. Nilikuwa naogopa kwamba nitacheka, maana ni tunda. Mama alilipokea langoni kwa mikono miwili. Alilivalisha shati la Ooko, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akainyoosha kola kama anampeleka shule. Kisha akaliambia, "Umechelewa." Hofu ya kucheka ikaniisha.

Walizika kando ya nyumba yetu. Mchungaji alitaja jina lake lote. Niliambiwa nitupe udongo, nikatupa. Kesho yake nikanyoa nywele.

Tangu hapo Mama analala usingizi wa mtu aliyetoka shambani. Mvua ikinyesha anaingiza kuku na kufunga dirisha, basi. Anataniana na wanawake wa ufukweni. Tunapokula ananisimulia mambo ya utoto wa Ooko, na anasema "alikuwa" bila kukwama.

Hili nakwambia wewe tu. Nilipotupa ule udongo sikumuaga. Niliutupa kwa ajili ya Mama, ili apumzike, na kweli amepumzika. Lakini sikujua kwamba kabla ya siku ile tulikuwa wawili. Hata tulipokuwa hatusemeshani, tulikuwa wawili. Sasa ninayemngoja ni mimi peke yangu, na siwezi hata kusema, kwa sababu mbele ya watu wote mimi ni mjane na kaburi liko pale.

Mchana huu alinimegea samaki, upande wenye nyama, akaniwekea kwenye sahani yangu. Akasema, "Kula, nyathina. Tumemaliza."

Nikala. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Tumemaliza."

Dada yako,
Seline